Mama, Chagua Wewe Kwanza

Magari mawili yalikuwa yamesimama uani kwa Alphonse, nyuma ya ghala lake la unga, yamefunikwa nyavu za kuvulia ndagala, na Mama Pulchérie alitakiwa achague moja sasa hivi. Kwa mtu aliyelisubiri gari tangu vita ya kwanza ya Kongo, hiyo ni dhihaka tupu. Lakini vita ndivyo ilivyo, haina adabu. Inakunyima kitu mpaka unachoka kukiomba, halafu inakuletea viwili kwa pamoja na kukupigia kelele uharakishe.

Alfajiri ile mkwe wake, Fabien, alikuwa amefika Baraka kwa baiskeli kutoka Mboko, matope mpaka magotini. Alipiga hodi akasimama mbali na mlango, macho chini, kama inavyompasa mwanamume mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, Nadège uchungu imemukamata," alisema. "Tangu jana. Na mutoto hashuke."

Nadège alikuwa binti pekee wa Pulchérie. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, hapa hapa Baraka, na daktari akasema bila kuficha kwamba wa pili asije akazaliwa kijijini, maana kovu linaweza kupasuka ndani. Ilipangwa Nadège aje kukaa kwa mama yake mapema, lakini risasi zililia wiki nzima upande wa Swima, njia ikafungwa, na ilipofunguliwa tena uchungu ulikuwa umewahi. Pulchérie alikuwa muuguzi wa kuzalisha. Alijua kovu likipasuka mwanamke anakufaje na kwa muda gani, kwa sababu alishawashika mikono wanawake wa namna hiyo mpaka mikono ikapoa. Asubuhi ile alikosea kufunga kitenge chake mara mbili.

Sasa hilo gari. Misheni ilikuwa na Land Rover, na Pulchérie mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiendesha, mpaka watu wa bunduki walipoichukua na kuondoka nayo mlimani. Tangu siku hizo wanawake wa pwani yote, Mboko, Swima na vijiji vya katikati, walikuwa wakiletwa Baraka kwa tipoyi, kile kiti cha miti kinachobebwa mabegani, au nyuma ya baiskeli. Wengine walifika. Kanisa likaamua inatosha. Kina mama wakatoa kila mmoja alichonacho, huyu ndagala, huyu mihogo, huyu kuku wake wa mwisho, na Alphonse akapewa kazi ya kuleta gari moja dogo kutoka Kigoma. Waliliita "motokari ya bamama" hata kabla halijapanda boti.

Alphonse, ambaye hajawahi kufanya jambo moja pale anapoweza kufanya mawili, alileta magari mawili: moja la kanisa, moja la kuuza huko Fizi. Alivuta nyavu kwa mbwembwe, utadhani anafunua bibi harusi.

"Ni mapacha, mama," alisema. "Baba moja, mama moja, mwaka moja. Tofauti ni kwamba huyu alipenda kanisa, huyu alipenda dansi."

Na kweli. Lile jeupe lilikuwa gari la kawaida kabisa. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, magurudumu ya chuma yasiyo na urembo, viti vya kitambaa cha kijivu, na mahali pa redio palikuwa na tundu. Lile jekundu lilikuwa la sport, limeandikwa hivyo ubavuni kwa herufi za kulala. Lilikaa chini, karibu na ardhi, magurudumu yanang'aa, viti vimeshonwa kwa uzi mwekundu, nyuma limewekewa bawa dogo lisilo na kazi yoyote ila kujionyesha, na bomba la moshi lilikuwa na midomo miwili.

"Kamata mwekundu," Alphonse alisema. "Mi nakuachia kwa bei ya ule mweupe, juu ulizalisha batoto yangu bote. Moteri yake iko na nguvu, we! Unakanyaga kidogo, uko Swima. Ule mweupe ni motokari ya katekista."

Pulchérie aliweka kiganja juu ya lile jekundu. Nisimsingizie utakatifu: alilitamani. Alimfikiria Nadège amelala Mboko akihesabu pumzi, na hapa pana gari linaloweza kula njia ile kabla jua halijakuwa kali. Mwili wake wote ulisema chukua. Lakini aliikumbuka njia. Kabla ya Swima kuna mto, na daraja lake lilikuwa limelipuliwa, kwa hiyo magari yalishuka majini na kupanda ng'ambo. Alichuchumaa, akapitisha mkono chini ya tumbo la gari jekundu. Mkono ulipita kwa shida. Chini ya jeupe ulipita na kugeuka.

Na pale mtoni ndipo walipokuwa wanajeshi, na bariyeri yao ya mti. Kila kitu kizuri kilichofika pale kilibaki pale: baiskeli mpya, saa, viatu, hata mbuzi mwenye manyoya ya kupendeza. Gari jekundu lenye bawa wangelitamani kabla halijasimama. Lile jeupe, nani angehangaika nalo?

"Mi nakamata mweupe," alisema. "Leta funguo, Papa Alphonse. Mbio."

"Aka, mama! Kweli?"

"Mbio, nimesema."

Alphonse alikuwa bado anapapasa mfukoni mlango wa bati ulipofunguliwa bila hodi. Akaingia Komanda, na nyuma yake wanajeshi wawili. Huyo ndiye aliyekuwa na Baraka mkononi tangu mvua zilipoanza. Alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili chake cha mbali, buti safi wakati mji mzima unakanyaga tope, na alikuwa na tabasamu ambalo watu walilichukia kuliko matusi.

"Nasikia mzee ana magari mawili," alisema. "Mtu mmoja, magari mawili. Na jeshi langu linatembea kwa miguu."

"Afande, moja ni ya kanisa," Alphonse alisema, jasho limeshamtoka. "Ni ya bamama ya kuzala."

"Lipi?"

Alphonse akamtazama Pulchérie, na Komanda akafuata macho yake.

"Mama alikuwa… alikuwa anachagula," Alphonse alisema.

Komanda akacheka. Akavuta kreti tupu la bia, akaketi, akaweka kofia yake juu ya goti. "Basi watu wasiseme mimi mwizi. Mama, wewe ulifika kabla yangu. Chagua wewe kwanza. Litakalobaki ndilo langu."

Moyo wa Pulchérie ulitulia kidogo, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwa watu wa pwani ile, mkubwa akikuambia chagua wewe kwanza, hakupi ruhusa ya kujipendelea. Anakupima adabu. Sahani ya samaki ikija, mgeni akiambiwa atangulie, anachukua kipande cha mkia, na kichwa chenye mafuta anamwachia mwenye heshima. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kujifunga kitenge. Kwa hiyo Pulchérie aliona Mungu amemrahisishia. Alichokitaka na kilichompasa vilikuwa kitu kimoja.

Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya heshima, "Mweupe, Afande. Ule muzuri ni wa mukubwa."

Tabasamu la Komanda likazimika.

"Jeupe?" Alisimama. Akalizunguka jekundu polepole bila kuligusa. Akalitazama jeupe, tundu la redio na yote, akarudisha macho kwa Pulchérie. "Kwa nini?"

"Ni heshima, Afande. Kwetu njo vile tunafanya."

"Kwetu hatufanyi hivyo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikuambie kitu, mama. Nilikuwa na rafiki. Tuliingia nyumba moja, watu wamekimbia, wamebeba mpaka masufuria, lakini mezani wameacha redio nzuri, mpya. Yeye akafurahi. Akaiwasha. Tulizika viatu vyake tu. Tangu siku ile, mtu akiniachia kizuri, namuuliza ameweka nini ndani."

"Hakuna kitu ndani, Afande, naapa…"

"Basi kwa nini umeliacha?"

Hapo ndipo Pulchérie alipochanganyikiwa. Ukweli wenyewe hausemeki: nimeliacha kwa sababu ninyi ni wezi. Akashika ukweli wa pili. "Iko chini sana, Afande. Kule mutoni maji inaweza kuingia…"

"Aa! Kwa hiyo unanipa gari la kunizamisha."

Kila neno aliloongeza lilizidi kuharibu. Mwanajeshi mmoja akampigisha Alphonse magoti, akamwekea mdomo wa bunduki shingoni. Mwingine akaambiwa afungue boneti, afungue buti, apapase chini ya viti. Akafanya yote huku uso ameugeuza pembeni, akingoja mlipuko. Hakukuwa na kitu. Alphonse alikuwa akilia bila sauti. Fabien, aliyekuwa amesimama mlangoni na baiskeli yake, alinyanyua mikono juu ingawa hakuna aliyemwambia. Na Pulchérie alikuwa akiwaza jambo moja tu, kwamba jua linapanda na kovu la Nadège linavutika.

"Hamna kitu, Afande," mwanajeshi alisema.

"Dawa haionekani kwa macho," Komanda alijibu. Alifikiri kidogo. Halafu lile tabasamu likarudi. "Mama atachukua jekundu. Mimi nachukua la katekista."

Akachukua redio ya mawasiliano kiunoni, akaita bariyeri ya mtoni, na akasema uani pale, wote wakisikia: "Gari jekundu la mama muuguzi linakuja. Lipite. Asiliguse mtu. Lina kitu ndani."

Dakika ile ile Pulchérie alikuwa njiani. Fabien aliketi nyuma, maana mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe wake hata dunia ikiwaka moto. Na gari lilikwenda! Alphonse hakudanganya hata kidogo. Baraka iliisha, mihogo ikaanza, ziwa likawa mkono wa kulia likimetameta baina ya nyumba. Watu waliruka pembeni, halafu wakagundua ni nani, wakapiga vigelegele. "Motokari ya bamama! Motokari ya bamama!" Pulchérie alisikia furaha ikimpanda kifuani na akaionea haya, kwa maana hakujua kama binti yake yu hai.

Mtoni wanajeshi walikuwa wameshainua mti wa bariyeri na kurudi nyuma, mbali kabisa, mpaka chini ya turubai lao. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Wale wale ambao wangekuvua shati walikuwa wanaliogopa gari. Fabien akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Maji yalikuwa kidogo. Tumbo la gari lilikwaruza mawe kwa sauti ya kuumiza meno, lakini likapanda ng'ambo.

"Komanda ametusaidia, mama," Fabien alisema.

"Nyamaza," Pulchérie alisema. "Bado hatujarudi."

Huko Mboko Pulchérie alimkuta Nadège amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, ameacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha. Mwanamke anayepiga kelele bado ana nguvu. Pulchérie alifunua tumbo. Katikati, chini ya kitovu, palikuwa pamejibana, tumbo limegawanyika juu na chini, na aliijua maana yake. Kovu linakaribia kuachia. Alipogusa, Nadège alimshika mkono.

"Mama, nitakufa?"

"Ukikufa nitakupiga," Pulchérie alisema.

Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani pa mumewe. Walipogeuka kurudi Baraka, Pulchérie aliinua macho mlimani, upande wa Bibokoboko, akaona mawingu meusi yameshakaa na pazia la mvua limeshuka. Huku pwani jua lilikuwa linawaka. Mtu wa huko hahitaji kuelezwa. Mvua ya mlimani inashuka kwa mto, na haikungojei.

Akakanyaga mafuta. Kila shimo Nadège aliguna, na kila alipoguna Pulchérie alitaka kupunguza, na hakupunguza. Swima ikapita. Wakafika mtoni.

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma vijiti na majani ya migomba. Hayakuwa yamejaa. Gari lililoinuka kidogo lingepita. Lile jeupe lingepita, aliwaza, na likamjia lile jeupe limeegeshwa mbele ya ofisi ya Komanda bila kazi yoyote. Ng'ambo, chini ya turubai, wanajeshi walikuwa wamekaa wakitazama. Kungoja maji yapungue ilikuwa kungoja jioni, na Nadège hakuwa na jioni.

"Shikilia yeye," alimwambia Fabien, akaliteremsha gari majini.

Walifika katikati. Jiwe lililokuwa limekwaruza asubuhi sasa lilikuwa limejificha, na gari likalipanda na kukaa juu yake. Magurudumu yakazunguka bure. Halafu moteri ikakohoa, ikanywa maji, ikazima. Kukawa na sauti ya mto peke yake, na maji yakaanza kuingia chini ya milango, baridi, yakipanda kwenye miguu.

Pulchérie alitoka. Maji yalimfika mapajani. Fabien akatoka kwa upande wake, akaweka bega nyuma, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Gari halikutikisika.

"Batu ya bunduki!" Pulchérie aliita. "Batoto yangu! Mutusaidie kusukuma! Niko na mugonjwa!"

Hakuna aliyeinuka. Wale vijana walitazamana. Aliyekuwa mkubwa wao, sajini mwenye kovu kidevuni, alijibu kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli: "Mama, tulikatazwa kuigusa. Iko na kitu."

"Basi mumubebe muntu! Muache motokari!"

"Na yeye ametoka ndani yake, mama."

Pulchérie aliangalia nyuma. Kupitia kioo aliona mkono wa Nadège umeshika kiti cha mbele, vidole vimekuwa vyeupe. Angeweza kumtoa, yeye na Fabien, wakamvusha. Na halafu? Baraka ilikuwa bado mbali, na tumbo lile halikuweza kubebwa mgongoni. Bila gari amekufa. Bila mikono ya wale vijana gari limekufa. Alisimama katikati ya mto akisikia hasira ikimpanda toka miguuni, hasira juu ya Komanda, juu ya heshima aliyofundishwa, juu ya samaki wote waliowahi kuachiwa wakubwa. Akavuka mpaka kwao, kitenge kikimgandia miguuni, akasimama mbele ya sajini.

"Unajua juu ya nini mi niliacha ule mwekundu?" alisema. "Unataka kujua? Juu yenu! Mi nilijua mukiiona mutaikamata. Munakamata kila kitu! Njo maana nilitaka ule mubaya. Komanda wenu akaogopa bure, muntu muzima, na mabuti yake. Motokari ile haina bomu, haina dawa. Iko na moteri ya nguvu kuliko motokari yote ya Baraka. Asubui yote nimeikalia. Mutoto yangu iko ndani. Wewe ungelaza mutoto yako juu ya bomu?"

Hakuna aliyewahi kumzungumzia Komanda hivyo pale. Kijana mmoja alificha kicheko. Sajini akamtazama Pulchérie, halafu akalitazama gari. Akalitazama kwa namna nyingine sasa. Macho yake yalitembea juu ya bawa, juu ya magurudumu yaliyozama nusu, juu ya zile herufi za kulala. Pulchérie aliiona tamaa ikiwaka usoni pake, na akajua kwamba amefaulu. Moyo ulimuuma palepale.

"Kwa hiyo ni nzima?" sajini aliuliza taratibu.

"Ni nzima. Ukaushe tu moteri."

"Na Komanda hana haja nayo."

"Hana." Lile gari halikuwa lake. Lilikuwa ndagala za wanawake wa Swima na kuku wa wajane wa Mboko, na alijua hivyo, hakuna aliyehitaji kumkumbusha. "Ikamate. Mi nakupatia, mbele ya hawa bote. Lakini kwanza mutufikishe lopitali. Mutoto yangu akikufa njiani, nitakwenda kwa Komanda na nitamwambia kila kitu."

Sajini alivua shati.

Waliingia majini wote, tena kwa makelele na matani, wakaliinua gari, Nadège akiwa ndani, na kulipandisha ukingoni. Kumbe mmoja wao alikuwa dereva kabla ya vita. Alifungua boneti, akachomoa plagi, akazikausha kwa shati la sajini, akazipulizia. Moteri ilikataa, ikakataa, ikakubali. Sajini aliketi kwenye usukani bila kuuliza. Pulchérie akaingia nyuma, akapiga magoti sakafuni kwenye maji, kichwa chake kikigusana na cha Fabien, na hapo hakuna aliyekumbuka mambo ya mkwe na mama mkwe. Aliweka kiganja juu ya tumbo la binti yake njia nzima, akisikiliza kwa vidole.

Sajini aliendesha vizuri. Lazima hilo lisemwe.

Hospitali walimpokea Nadège mlangoni kwa machela na kumwingiza moja kwa moja. Daktari alimtazama mara moja tu, akasema "Kisu, sasa hivi," na Pulchérie akazuiliwa nje na muuguzi mwenzake, maana mama wa mgonjwa hana kazi humo ndani. Alikaa kwenye benchi. Mvua ya mlimani ikawa imefika mjini. Fabien alisali kwa sauti, akachanganya sala, akaanza upya.

Mtoto alilia. Sauti ndogo, ya hasira. Baada ya muda mrefu daktari akatoka akivua glovu, akasema kovu lilikuwa limeanza kufunguka, bado kidogo tu lingepasuka lote, lakini mama na mtoto wote wazima, msichana. Pulchérie alilia mpaka akakosa pumzi. Alimkumbatia daktari. Alimkumbatia Fabien pia, mkwe wake, na Fabien akasimama wima kwa aibu huku akilia na yeye. Hakujuta hata chembe. Kama angeulizwa saa ile kama angefanya tena, angesema ndiyo kabla swali halijaisha.

Alitoka nje kunawa uso kwenye maji ya mvua yaliyotiririka kutoka bati la paa. Uani palikuwa patupu. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka, na mvua ilikuwa inafuta alama za magurudumu.

Akiwa bado ameinama, akasikia baiskeli ikiangushwa. Mwanamume mmoja alikuwa anakuja mbio, amelowa chepechepe, na alipomkaribia alimtambua. Alikuwa Élie, mvuvi wa Swima. Mke wake, Clarisse, alikuwa mjamzito wa mapacha, na Pulchérie mwenyewe ndiye aliyempima.

"Mama, asifiwe Mungu nimekupata!" Élie alisema akihema. "Asubui tuliona motokari ya bamama inapita. Clarisse alipiga vigelegele, alikuwa muzima kabisa. Sasa damu inatoka, mama. Nyingi. Nimemuacha na bashemeji. Nimesema nikimbie, motokari ije imukamate. Maji ya muto imepunguka, itapita."

Alikuwa akitazama juu ya bega la Pulchérie, akilitafuta uani.

"Iko wapi, mama?"

Pulchérie angeweza kusema imeharibika. Angeweza kusema wameinyang'anya, na nani angebisha, katika nchi ile, mwaka ule? Lakini Élie alimtazama kwa imani yote, na uongo haukutoka.

"Nimeitoa," alisema. "Maji ilitukamata mutoni, nikaipatia basoda bapate kutusukuma. Niliitoa juu ya mutoto yangu, Élie. Nadège. Alikuwa anakufa."

Élie alisimama. Mvua ilimtiririka usoni, na kwa muda alionekana hajaelewa. Halafu akaelewa. Pulchérie alingoja amtukane, alitaka amtukane, alimwomba kimoyomoyo ampige hata kofi.

"Na yeye alipona?" Élie aliuliza.

"Alipona."

"Mungu asifiwe, mama," alisema, na alimaanisha. Akaokota baiskeli yake topeni, akaipanda, akashika njia ya Swima.